Kikokotoo, kadi ya bima na miaka minne iliyobaki: jibu kwa mwalimu wa Tanga

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini. Niliajiriwa Julai 1996, nikawa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali, hadi mifuko ilipounganishwa, na mwaka huu natimiza miaka 56. Walimu waliotutangulia walipata mkupuo mnono wa fedha siku ya kustaafu wakamalizia nyumba zao Makorora na Pongwe. Sisi tunaambiwa chetu kitakuwa kidogo. Wengine wanasema fedha zetu zimejengewa majengo na hazitarudi, na kwamba ni heri nistaafu kwa hiari sasa kabla hawajapunguza tena. Mume wangu ana kisukari, anahudhuria kliniki katika hospitali ya Bombo kwa kadi yangu ya bima, na tangu mwaka 2024 kuna dawa anaambiwa akanunue. Mama yangu wa miaka 78 yuko Pangani, naye anatumia kadi yangu. Je, kadi hizo zitakufa siku nitakapostaafu? Na kwa nini mipango hii haiachwi kama ilivyokuwa?"

Mwalimu, kinachokuumiza, kama nimekuelewa vizuri, ni kwamba ulifanya kazi kwa ahadi moja na unaelekea kulipwa kwa nyingine. Hisia hiyo ina msingi, na sitajaribu kukubembeleza kwa kukuambia kwamba hukupoteza kitu. Hata hivyo, usistaafu kwa hofu. Kadi yako na ya mume wako hazifi siku unapostaafu, ila ya mama ndiyo inayohitaji maandalizi, na maandalizi hayo yaanze sasa ungali kazini.

Nianze na dhana ambayo naikuta kwa watumishi wengi, kwamba mfuko wa pensheni ni kibubu ambacho kila mtu ana tundu lake ndani, na akistaafu anavunja achukue alichoweka. PSSSF, mfuko wa sasa wa watumishi wa umma, haifanyi kazi hivyo. Wewe unakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 15, na fedha hizo zinaingia kwenye mfuko mmoja unaowalipa waliostaafu leo, huku kinachobaki kikiwekezwa. Wewe utalipwa kwa mfumo huo huo, kutokana na uwekezaji huo na michango ya walimu ambao leo ndio kwanza wanaripoti kazini. Kinachokulinda ni kanuni ya hesabu, yaani kikokotoo, na kanuni hiyo haiangalii ulichangia shilingi ngapi, bali miezi uliyotumikia na mshahara wako wa miaka ya mwisho. Mwaka 1999 ulichangia kutokana na mshahara mdogo wa mwalimu wa wakati ule, lakini pensheni yako itapimwa kwa mshahara wa leo. Hilo ni jambo zuri kwako, na ndilo pia linaloufanya mfuko uwe na ahadi kubwa kuliko michango iliyokusanywa.

Tuchukue mfano, na wewe uweke tarakimu zako mahali pa hizi. Tuseme wastani wa mshahara wako katika miaka mitatu bora kati ya kumi ya mwisho ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, na unafika miaka 60 ukiwa na miezi 408 ya utumishi. Kwa kanuni ya sasa unazidisha 12,000,000 kwa 408, unagawa kwa 580, na unapata pensheni kamili ya mwaka ya takriban shilingi 8,441,000. Kwa kuwa ulikuwa PSPF, tangu mwaka wa fedha 2024/25 mkupuo wako ni asilimia 40 ya kiasi hicho, ikizidishwa kwa 12.5, na hiyo ni takriban shilingi 42,207,000. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, na kila mwezi unapokea kama shilingi 422,000 maisha yako yote.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mwalimu huyo huyo angegawiwa kwa 540, angechukua nusu nzima ikizidishwa kwa 15.5, na angeondoka na mkupuo wa takriban shilingi 70,267,000, huku pensheni yake ya mwezi ikiwa kama 378,000. Tena hesabu ya zamani ilitumia mshahara wa mwisho, si wastani wa miaka mitatu. Kwa hiyo mkupuo umepungua kwa zaidi ya milioni 28, na pensheni ya mwezi imeongezeka kwa elfu 44 hivi. Ukitaka elfu 44 hizo za kila mwezi zifidie milioni 28, itabidi uishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu. Ndiyo maana nasema wanaodai kwamba fedha ni zile zile ila zimegawanywa vingine hawasemi ukweli wote. Sehemu ya mabadiliko kweli ni mgawanyo, lakini sehemu nyingine ni punguzo. Kwa mtu atakayeishi miaka 18 baada ya kustaafu, kwa mfano wetu huu, jumla ya zamani ingekuwa karibu milioni 152 na ya sasa ni karibu milioni 133.

Ile 12.5 ina maana yake, na ukiielewa utaweza kupima mwenyewe kila tangazo litakalotoka. Ni idadi ya miaka. Mfuko unakulipa leo, kwa mara moja, miaka 12 na nusu ya ile sehemu ya pensheni unayoiachia. Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33 kwa wote, kisha kwa watu wa kundi lako ukapandishwa hadi 40, na kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata asilimia 25 ukapandishwa hadi 35. Wengi walishangilia, na sikatai kwamba nyongeza ya mkupuo ya zaidi ya milioni saba kwa mfano wetu inaezeka nyumba. Lakini ilitoka kwenye pensheni yako ya mwezi, kama elfu 49 kila mwezi. Ukiishi zaidi ya miaka 12 na nusu baada ya kustaafu, yaani ukivuka miaka 72 na nusu, asilimia 33 ingekufaa zaidi, na ukifariki mapema, 40 ndiyo bora. Mama yako ana miaka 78. Fikiri juu ya hilo kabla ya kukubali kwamba mkupuo mkubwa siku zote ndio ushindi wa mfanyakazi.

Sasa, kwa nini haikuachwa kama ilivyokuwa? Sababu ya kwanza ni deni la zamani. Kabla ya PSPF kuanza Julai 1999, watumishi wa serikali hawakuwa wakichangia pensheni; serikali ilikuwa ikiwalipa moja kwa moja kutoka hazina. Mfuko ulipoanza ulipokea watu wenye miaka mingi ya utumishi isiyo na mchango hata senti, ukawa unawalipa wanapostaafu, kwa makubaliano kwamba serikali ingerudisha gharama ya miaka hiyo. Marejesho hayakuja kwa wakati, na michango ya walimu kama wewe ndiyo iliyoziba pengo. Hata miaka yako mitatu ya kwanza, 1996 hadi 1999, imo katika hesabu hiyo. Desemba 2021 ndipo serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF kulipa sehemu ya deni hilo. Kwa hiyo wenzako wanaosema fedha zilitumika kwingine hawajakosea kabisa: mifuko ilikopesha pia fedha za kujenga majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na urejeshaji nao ulichelewa. Wanapokosea ni kusema kwamba hazitarudi na kwamba pensheni haipo, kwa sababu wastaafu wanalipwa kila mwezi na deni limeanza kulipwa.

Sababu ya pili ni uwiano wa wanaochangia na wanaolipwa. Ajira mpya serikalini ziliposimamishwa mwaka 2016, waliostaafu waliendelea kutoka mlangoni kila mwezi, lakini waliopaswa kuingia walibaki nje. Mfuko wa namna hii hauvumilii hali hiyo kwa muda mrefu. Sababu ya tatu ni kwamba watu wanaishi. Mara nyingi nasikia hoja kwamba Mtanzania anakufa mapema, hivyo pensheni ya mwezi ni hila ya kumdhulumu. Umri wa kuishi unaotajwa kwenye sensa ni wa mtoto anayezaliwa, na unavutwa chini na vifo vya watoto wachanga. Aliyekwisha kufika 60 ameshavuka hatari hizo zote, na miaka iliyo mbele yake ni mingi kuliko tarakimu ile inavyoonyesha.

Nchi inapofika hapo ina njia chache tu: kuongeza michango, kuchelewesha umri wa kustaafu, kupunguza mafao, kuingiza wanachama wengi zaidi, au kulipa kutokana na kodi. Kila moja ina mtu wa kubeba mzigo. Mimi sina ugomvi na kwamba mageuzi yalihitajika. Ugomvi wangu ni juu ya nani aliambiwa lini. Marekani ilipopitisha sheria ya mwaka 1983 kusogeza umri wa pensheni kamili kutoka 65 hadi 67, waliozaliwa mwaka 1937 na kurudi nyuma hawakuguswa, na umri huo wa 67 uliwekwa kwa waliozaliwa kuanzia 1960, waliokuwa vijana wa miaka 23 sheria ilipotungwa. Walikuwa na muda wa maisha mazima kujipanga. Sisi mwaka 2018 tuliunganisha mifuko minne ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF, zikatoka kanuni za mkupuo wa asilimia 25, watumishi wakalalamika, na tarehe 28 Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akaagiza kanuni za zamani zirudishwe hadi 2023. Kisha kanuni mpya zikaanza Julai 2022. Mwalimu aliyestaafu mwezi Juni na mwenzake aliyestaafu Julai waliachana kwa mamilioni, wala hakuna aliyefanya kazi zaidi ya mwenzake. Naamini kabisa kwamba mtumishi aliyebakiza miaka chini ya kumi alistahili kipindi cha mpito, ambapo kanuni ingesogea kidogo kidogo kwa kadiri ya miaka aliyobakiza. Na kama kuna mageuzi mengine mbele, hilo ndilo jambo ambalo vyama vya wafanyakazi vingelisimamia kuliko kubishana juu ya asilimia peke yake.

Nisisitize pia njia ya kuongeza wanachama, maana ndiyo inayosahaulika. Makuli wa bandari yetu, wauza samaki wa soko la Deep Sea, mama lishe wa stendi ya Kange, wote wanazeeka kama walimu, na wengi wao hawana mfuko. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka fedha za serikali, kiwango kilichopandishwa baadaye. Ni kidogo, lakini hakimbagui mvuvi.

Turudi kwenye uamuzi wako. Ukistaafu kwa hiari leo, ukiwa na miezi 360 na mshahara wa mfano wetu, mkupuo ni takriban shilingi 37,241,000 na pensheni kama 372,000 kwa mwezi. Ukisubiri hadi 60, hata kama mshahara hautaongezeka, mkupuo unapanda kwa karibu milioni tano na pensheni kwa karibu elfu 50 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako, ukiachilia mbali mishahara ya miaka minne utakayokuwa umeipokea. Ukipanda daraja katikati, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Ni kweli kwamba anayestaafu leo anajikinga na badiliko la kesho, lakini kwa kinga hiyo unalipa hasara iliyo hakika ili kukwepa hasara isiyo hakika, na tangu 2022 badiliko lililokuja kwa kundi lako lilikuwa la kupandisha mkupuo. Kustaafu mapema kuna mantiki kama afya yako imechoka au kama una kazi nyingine iliyokwisha simama. Uvumi wa ofisi ya walimu hauwi sababu.

Na ukifariki ukiwa mstaafu, fedha hazipotei zote: wategemezi wako hulipwa mkupuo wa pensheni ya miezi 36.

Kuhusu bima. Kwa mshahara wa mfano wetu, NHIF, yaani mfuko wa taifa wa bima ya afya, inapokea asilimia 6, tatu zako na tatu za mwajiri, yaani shilingi 720,000 kwa mwaka, na kwa fedha hizo inahudumia wewe, mwenza wako na wategemezi hadi wanne. Mwaka ambao nyote mko wazima, fedha hizo zinamtibu mtu mwingine. Mwaka ambao mmoja wenu anaugua figo na kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, ni wengine wanaomlipia. Bima inasimama kwa sababu wazima wamo. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilianguka hapo. Mchango ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto, na wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha ugua, hata Machi 2023 NHIF ikasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waingie kwa makundi, kupitia shule. Iliumiza wazazi wengi, na naona hasira zao, lakini kasoro ilikuwa kwenye mpango wenyewe tangu siku ulipoanzishwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inajaribu kutibu jambo hilo hilo kwa kutaka kila mkazi awe ndani, mzima na mgonjwa, huku ikiweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo.

Mstaafu aliyetimiza masharti ya uchangiaji anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa tena. Huo ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyoudhania, kwa sababu uzeeni ndipo gharama zinapokuja. Kwa hiyo mume wako asihesabu siku. Lakini wategemezi wengine, akiwemo mama, hawaendelei nawe kwenye kadi ya ustaafu.

Juu ya dawa zake: Machi 2024 NHIF ilianza kutumia orodha mpya ya bei na dawa, na mvutano ulikuwa mkali kiasi kwamba hospitali nyingi binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wenye kadi. Dawa inapokataliwa, sababu huwa moja kati ya tatu. Huenda daktari ameandika jina la kibiashara wakati mfuko unalipia dawa ile ile kwa jina lake la kitaalamu, yaani jeneriki. Huenda dawa inalipiwa kwenye ngazi ya juu ya kituo na si pale alipokwenda. Au huenda imekwisha stoo. Muulize mfamasia ni sababu ipi. Ikiwa ni ya kwanza, arudi kwa daktari aandikiwe dawa ya aina hiyo iliyomo kwenye orodha. Ikiwa ni ya pili, aombe rufaa. Ikiwa ni ya tatu, aulize dirisha la bima hapo hospitalini ni duka gani la dawa lililosajiliwa na NHIF. Asipunguze dozi mwenyewe ili dawa zifike mwisho wa mwezi, wala asiruke sindano za insulini kama ndizo anazotumia. Akiona kidonda cha mguu kisichopona, macho kufifia, au akianza kuchanganyikiwa na kutapika, hayo si ya kusubiri siku ya kliniki. Aende Bombo siku hiyo hiyo.

Kwa mama, tumia miaka hii minne. Akiwa bado kwenye kadi yako, apimwe shinikizo la damu, sukari na macho, na kama kuna upasuaji uliokuwa unaahirishwa, mtoto wa jicho kwa mfano, ufanyike sasa. Kisha nenda naye kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya Pangani mkaulize mambo mawili: utambulisho wake kama mzee wa zaidi ya miaka 60 anayestahili matibabu bila malipo kama hana uwezo, na jinsi ya kuandikishwa chini ya utaratibu wa bima kwa wote, ambao unaendelea kuingia na masharti yake yanaweza kubadilika kabla hujastaafu. Usingoje hadi kadi yako ibadilishwe.

Lililobaki haliwezi kufanywa kwa barua kama hii. Nenda ofisi ya PSSSF hapa Tanga, mwaka huu, ukaombe taarifa ya michango yako yote tangu mwanzo. Beba barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, barua za kupanda daraja na kitambulisho cha NIDA, na uhakikishe jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana kila mahali. Mfuko umepita kwenye muungano wa mwaka 2018, na kumbukumbu za miaka ya tisini zilikuwa za karatasi. Kwa mfano wetu, mwaka mmoja usioonekana kwenye rekodi unakugharimu mkupuo wa takriban shilingi 1,241,000 na shilingi 12,400 kila mwezi wa maisha yako. Kukiwa na pengo, afisa utumishi wa halmashauri ndiye wa kulirekebisha, na ni rahisi kumfuatilia ukiwa bado kwenye orodha yake ya mishahara kuliko ukiwa umeshaondoka. Kuhusu mikopo, usiingie kausha damu kwa matumaini ya mkupuo, na mtu yeyote atakayekupigia simu akidai anaweza kuharakisha mafao yako kwa malipo kidogo, mkatie na umripoti ofisini. Malipo ya mafao hayana ada.